Chumvi ukutani: rangi isubiri

SWALI: Nyumba yetu ya zamani ipo Ngamiani, Tanga. Ukuta wa sebuleni unabanduka rangi na kutoa unga mweupe. Kila nikipaka upya, hali inarudi. Nifanyeje?

JIBU: Unga huo ni chumvi inayosukumwa nje na maji yaliyomo ukutani. Tafuta kwanza yanapoingia: bati linalovuja, bomba, au udongo uliorundikana nje. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa selotepu, uache usiku kucha. Ukikuta matone ndani yake, unyevu bado upo.

Ukuta ukikauka, kwangua rangi iliyolegea na uondoe chumvi kwa brashi kavu. Maji huiyeyusha ikarudi ndani. Gonga lipu: panapolia tupu, bomoa hadi pagumu. Ukuta wa mawe na chokaa uzibe kwa chokaa na mchanga, kwani saruji hufungia unyevu. Kama ukuta wako ni wa saruji, lipu mpya ya saruji ipe angalau wiki 4 ikauke. Kisha puti, msasa, futa vumbi, praima, ndipo rangi.

Kazi hii ifanye Januari na Februari, kabla ya masika. Usikubali fundi akuharakishe. Subira hapa ndiyo inayookoa fedha zako.