Baraza la Aktiki: Nguvu na Udhaifu wa Kauli Moja

Utangulizi

Aktiki ni eneo linaloizunguka ncha ya kaskazini ya dunia. Antaktika, iliyo kusini, ni bara lililozungukwa na bahari, nalo lina mkataba wake maalumu wa mwaka 1959. Aktiki, kwa upande wake, ni bahari iliyozungukwa na mataifa, na haina mkataba mmoja unaoihusu yote. Tangu mwaka 1979 joto lake limepanda karibu mara nne zaidi ya wastani wa dunia. Barafu inavyopungua, ndivyo njia za meli, samaki na mafuta vinavyozidi kufikika. Basi nani mwenye kauli huko? Makala hii inashikilia kwamba kilicholipa Baraza la Aktiki heshima ndicho hicho hicho kilicholidhoofisha.

Muundo wa Baraza

Baraza liliundwa mwaka 1996 kwa Azimio la Ottawa. Wanachama wake ni Kanada, Denmaki (kupitia Greenland), Ufini, Aislandi, Norwe, Urusi, Uswidi na Marekani. Kando yao wapo washiriki wa kudumu, yaani mashirika sita ya watu wa asili, yakiwemo ya Wainuiti na Wasaami. Hawa ni sharti washauriwe kikamilifu, ila hawana kura. Kila uamuzi hufikiwa kwa kauli moja ya nchi zote nane. Aidha, Azimio lenyewe liliweka masuala ya usalama wa kijeshi nje ya mamlaka ya Baraza.

Utaratibu huu ulizaa matunda. Mataifa yaliyotazamana kwa uhasama wakati wa Vita Baridi yalijadiliana chini ya mwavuli wa Baraza na kutia saini mikataba mitatu: wa kutafuta na kuokoa watu (2011), wa kukabiliana na umwagikaji wa mafuta (2013) na wa ushirikiano wa kisayansi (2017).

Mtihani wa Mwaka 2022

Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari 2022, ndiyo iliyokuwa mwenyekiti. Mwezi uliofuata, nchi saba zilizosalia zilisitisha kushiriki vikao. Hapo udhaifu ukawa bayana: penye kauli moja, asiyekuwepo mmoja huwakwamisha wote. Tena Urusi si mwanachama wa kupuuzwa, kwani takriban nusu ya pwani ya Aktiki ni yake. Uenyekiti ulihamia Norwe mwaka 2023, kisha Denmaki mwaka 2025. Vikundi vya kazi vilirejea taratibu, kwanza kwa maandishi, kisha kwa mikutano ya mtandaoni.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Wasaami wanaishi Norwe, Uswidi, Ufini na katika rasi ya Kola nchini Urusi. Mipaka hiyo iliwakuta wakiwa watu wamoja. Baraza lilikuwa mahali ambapo walizungumza wakiwa watu wamoja tena, na vikao vilipositishwa, kura haikuwa yao.

Mfano wa Kulinganisha

Mwaka 2018 nchi tisa, zikiwemo Urusi, Marekani na Uchina, pamoja na Umoja wa Ulaya, zilitia saini mkataba unaozuia uvuvi wa kibiashara katika bahari kuu ya katikati ya Aktiki. Mkataba huo ulianza kutumika mwaka 2021, kwa kipindi cha kwanza cha miaka 16. Mwezi Novemba 2022, vikao vya Baraza vikiwa bado vimekwama, pande za mkataba huu zilikutana Korea Kusini. Wajibu uliokwisha kuandikwa kisheria ulistahimili dhoruba. Hata hivyo, ingawa mkataba unatambua maarifa ya watu wa asili, hauwapi kiti chao wenyewe kama Baraza linavyowapa.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba Baraza lina viti vya wenyeji bila nguvu ya sheria, nao mkataba wa uvuvi una nguvu ya sheria bila viti hivyo. Utawala utakaoifaa Aktiki inayobadilika hauna budi kuviunganisha viwili hivi: wajibu usiotenguka serikali zinapokosana, na sauti ya wenyeji isiyonyamazishwa kwa ugomvi wasiouanzisha.