Ukichaguliwa Kuwawakilisha Wanafunzi wa Udaktari

Mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Maseno ana wenyeji wawili. Chuo kinamfundisha na kumtahini, lakini wagonjwa anaojifunzia wamo katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo watu wa Kisumu bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Lalamiko lisilo na mwenyewe hufia katikati: chuo kinasema ni la hospitali, hospitali inasema ni la chuo. Kazi yako ya kwanza ni kujua kila jambo ni la mlango upi. Ratiba ya mitihani na karo ni za chuo. Chumba cha kubadilishia nguo, glavu, na nani aingie chumba cha upasuaji, ni mambo ya hospitali.

Anza na sindano. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zenye viwango vya juu zaidi vya maambukizi ya HIV nchini Kenya, na mwanafunzi anayejifunza kutoa damu hudungwa kwa urahisi. Dawa za kinga, PEP, lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Humezwa siku 28. Kwa hiyo ulizia kabla hakujatokea kitu: saa nane za usiku, Jumapili, dawa hizo hutolewa wapi na nani? Anayeandika taarifa ni nani? Vipimo vikitakiwa kulipiwa, analipa nani? Pata majibu kwa maandishi, uyasambaze kwa kila darasa linaloingia wodini. Dai pia chanjo ya homa ya ini aina ya B mapema, kwani dozi zake tatu huchukua miezi sita kukamilika. Mwakilishi aliyefanikisha haya mawili tu amefanya kazi kubwa kuliko aliyehutubia mwaka mzima.

Malalamiko mengine yape tarehe. “Daktari bingwa hafundishi” ni manung'uniko tu. “Katika rotesheni ya watoto, raundi nne za mafunzo kati ya nane hazikufanyika, tarehe ni hizi,” hilo mkuu wa shule ya udaktari atalijibu. Jina la mwanafunzi aliyelalamika libaki kwako. Wodini anayekufundisha ndiye pia anayekupa alama, na woga wa kumkasirisha ni wa kweli.

Chini ya marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016, kila idara, shule au kitivo huchagua wajumbe watatu wasio wa jinsia moja, na wajumbe hao ndio huchagua baraza la wanafunzi. Ukiwa mjumbe, wagombea watakuja kukubembeleza. Kura nyingi ziko kampasi kuu kule Maseno, kilomita 25 hivi kwenye barabara ya Busia, na walioko hospitalini husahaulika upesi. Waulize wagombea watawafanyia nini walioko wodini, wala usiuze kura kwa fulana.

Migomo nayo huja. Wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulichukua siku 100. Wa 2024, uliohusu pia malipo ya madaktari wanagenzi, ulianza Machi ukaisha Mei. Wodi zikifungwa, omba barua inayosema kama rotesheni itafidiwa au mtihani utasogezwa. Na pale ambapo wagonjwa wamebaki bila daktari, simama imara: mwanafunzi asiachiwe mgonjwa peke yake. Mgonjwa huyo naye ana haki, na atakayeumia kwanza ni yeye.

Kila barua, kumbukumbu ya kikao na namba ya simu iingie kwenye faili moja. Muhula hupita haraka na mitihani haisubiri, kwa hiyo mkabidhi mrithi wako faili hilo mkononi, ukae naye umweleze ahadi zipi bado hazijatimizwa na nani alizitoa.