Husnah, Mwogeleaji wa Uganda

Kando ya ziwa Tanganyika, toka Uvira mpaka Baraka, watoto wengi hujifunza kuogelea wangali wadogo. Watoto wa Mutarule, walio katika bonde la Ruzizi, nao wanajua nguvu ya maji ya mto ule. Lakini kuna kuogelea kwa namna nyingine, ndiko kuogelea kwa mashindano. Hapo hakuna mawimbi wala mamba. Maji yamo katika bwawa lililojengwa, lenye urefu wa meta 50. Kila mwogeleaji ana njia yake, iliyotengwa kwa kamba, na saa hupima hata sehemu ndogo sana ya sekunde.

Mwaka wa 2007, katika nchi jirani ya Uganda, alizaliwa msichana jina lake Husnah Kukundakwe. Alizaliwa bila sehemu ya chini ya mkono wa kuume, na mkono wake wa kushoto haukukua sawasawa. Alipokuwa mdogo aliona haya. Alivaa sweta ili watu wasiuone mkono wake. Lakini mwogeleaji haingii majini na sweta. Bwawani hakuwa na la kuficha.

Mwenye mikono miwili husukuma maji kwa viganja vyote viwili. Husnah ilimpasa kuitumia miguu kwa bidii zaidi. Alijizoeza mtindo unaofanana na kuogelea kwa chura, maana katika mtindo huo miguu hufanya kazi kubwa.

Mwaka wa 2019, akiwa na miaka 12, alikwenda London katika mashindano ya dunia ya waogeleaji wenye ulemavu. Huko aliona watu wasio na mkono au mguu, wala hawakujificha. Moyo wake ukapata nguvu.

Mwaka wa 2020 ugonjwa wa korona ulienea duniani. Paralimpiki, yaani mashindano makubwa ya wanamichezo wenye ulemavu, yaliahirishwa. Yalifanyika Tokyo, Japani, mwaka wa 2021. Husnah alikuwa na miaka 14. Washindani walikuwa zaidi ya 4,000, na hakuna aliyekuwa mdogo kuliko yeye. Waogeleaji walipangwa katika makundi kwa kadiri ya ulemavu wao, ili shindano liwe la haki. Husnah aliogelea meta 100, kwenda na kurudi. Hakupata medali. Hata hivyo hakuacha mazoezi, na mwaka wa 2024 alishindana tena katika Paralimpiki ya Paris.

Wazee husema: Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtoto mwenye ulemavu asifichwe nyumbani. Aende shule pamoja na ndugu zake, acheze nao, na ajaribu kazi anayoiweza. Asipojaribu, nani atajua anaweza nini?

Maneno mapya: kuahirisha – kupeleka jambo mbele, lifanyike siku nyingine. Koleo – chombo cha mhunzi cha kushikia chuma cha moto.

Maswali:
1. Kwa nini Husnah alivaa sweta?
2. Kwa nini alichagua mtindo unaofanana na wa chura?
3. Aliona nini London?
4. Kwa nini waogeleaji hupangwa katika makundi?
5. Eleza maana ya methali iliyo katika somo hili.