Udongo mwekundu, nyasi na damu yako

Majuzi mama mmoja mwenye mimba ya miezi sita aliingia katika kliniki yangu akilalamika kwamba anachoka ovyo, moyo unamwenda mbio akipanda ngazi, na kichwa kinamzunguka. Nilipomvuta ukope wa chini niliona ndani ni peupe. Kipimo cha damu kilionyesha himoglobini ya gramu 7.6 kwa desilita, ilhali kwa mimba ya umri huo haifai kushuka chini ya 10.5. Huo ni upungufu mkubwa wa damu, unaoweza kuhatarisha maisha ya mama iwapo atavuja damu wakati wa kujifungua.

Nilimwuliza anakula nini. Alitabasamu kwa haya, akafungua mkoba na kunionyesha vipande vya odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni.

"Daktari," akasema, "si udongo wetu una chuma? Nyasi hupata chuma humo humo, na ng'ombe wakila nyasi hawakosi damu."

Msomaji, usimcheke. Ni kweli udongo una chuma, na ni kweli nyasi hukipata humo. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba tumbo la binadamu linaweza kufanya kazi ya mzizi wa nyasi. Wiki hii tuangalie kazi hiyo, kwa sababu inaeleza mengi kuhusu ugali, chai na damu yetu.

Chuma kipo, lakini kimefungwa

Kama asilimia 5 ya uzito wa tabaka la juu la dunia ni chuma. Wekundu wa udongo wa Kiambu au Murang'a unatokana na chuma kilichoungana na hewa ya oksijeni, yaani ndugu ya kutu. Sasa tia msumari wenye kutu ndani ya glasi ya maji safi. Kutu itatulia chini, lakini haitayeyuka kama chumvi. Mzizi nao hauli kutu. Unahitaji chuma kilichoyeyuka majini.

Kinachoamua kiasi cha chuma kitakachoyeyuka ni, zaidi ya yote, ukali wa asidi ya udongo. Wataalamu huupima kwa kipimo cha pH: 7 ni katikati, chini ya hapo ni asidi, juu ya hapo ni alikali, kama chokaa na majivu. Kila udongo unapopanda hatua moja kuelekea alikali, chuma kinachoweza kuyeyuka hupungua takriban mara 1,000. Ndiyo sababu mmea unaweza kukosa chuma katika udongo wa chokaa ulio na chuma tele, na mwingine ukashiba katika udongo wenye asidi, kama ule wa mashamba ya chai ya Kericho.

Hata hapa mjini unaweza kuliona jambo hili. Fundi akimwaga mabaki ya saruji na chokaa kando ya ukuta, nyasi zinazoota hapo huenda zikageuka manjano. Tazama majani machanga: yakiwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, shuku ukosefu wa chuma, kwa kuwa mmea hauwezi kwa urahisi kuhamisha chuma kutoka majani makuukuu hadi machanga. Yakianza kuwa ya manjano yale ya chini yaliyozeeka, mara nyingi kinachokosekana ni naitrojeni.

Ujanja wa nyasi

Mmea wa maharagwe ukikosa chuma, mizizi yake humwaga asidi udongoni, kisha hukigeuza chuma kutoka aina isiyoyeyuka hadi aina inayoyeyuka, na ndipo hukifyonza. Lakini katika udongo wa chokaa asidi hiyo huuawa na chokaa kabla haijafanya kazi.

Nyasi zina njia yao. Na kumbuka, mahindi, ngano, mpunga, mtama, wimbi na shayiri zote ni jamii ya nyasi. Mwaka 1976 mtaalamu wa Japani, Satoshi Takagi, alieleza kwamba mizizi ya mpunga na oti iliyokosa chuma hutoa kitu kinachoweza kukiyeyusha. Baadaye kitu cha aina hiyo kutoka kwa shayiri kilipewa jina la asidi ya mujineiki, kutokana na neno la Kijapani la shayiri, "mugi". Hukishika chuma kama koleo linavyoshika kaa la moto, kisha mzizi huingiza vyote viwili, koleo na chuma chake. Shayiri hufanya kazi hiyo hasa asubuhi, saa chache baada ya jua kuchomoza. Shayiri hutoa koleo hizo kwa wingi; mahindi, mtama na mpunga hutoa chache, kwa hivyo huteseka mapema zaidi kwenye udongo wa chokaa.

Tumbo letu halina koleo

Sisi hatukujaliwa koleo hilo. Kuhusu chuma cha mimea, utumbo wetu hufanana zaidi na mzizi wa maharagwe. Asidi ya tumbo hukiyeyusha, kisha sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba hukigeuza na kukifyonza. Chochote kinachokifunga tena njiani hutunyima damu.

Wafungaji wakubwa ni wawili. Wa kwanza ni faiteti, iliyomo ndani ya nafaka na maharagwe yenyewe. Wa pili ni zile kemikali zinazoipa chai ukakasi wake. Yule mama alikuwa akila ugali na sukuma wiki, kisha anateremshia kikombe cha chai ya rangi. Chuma kidogo kilichokuwamo kilifungwa palepale mezani. Odowa nayo ilizidisha balaa. Udongo wa aina hiyo unaweza kunasa chuma cha chakula na cha vidonge, na huenda ukabeba mayai ya minyoo au madini ya sumu kama risasi. Na hiyo hamu ya kula udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu wenyewe.

Ufanye nini?

Kwanza, tenga chai na kahawa na chakula kwa muda wa saa moja au zaidi.

Pili, saidia asidi. Kamulia ndimu kwenye sukuma wiki au ndengu, au kula chungwa pamoja na mlo. Vitamini C hukizuia chuma kisifungwe.

Tatu, ongeza nyama, maini kidogo au samaki kila uwezapo, hata omena. Chuma cha nyama kina mlango wake utumboni na hakisumbuliwi sana na faiteti.

Nne, uji wa unga uliochachushwa una faiteti kidogo kuliko uji wa kawaida.

Tano, soma pakiti ya unga. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti uongezwe chuma. Unga unaosagiwa kwenye kinu cha mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza, kwa unga usiokobolewa, chuma kilichoshikwa na kemikali iitwayo EDTA, ili faiteti isikinase. Utaona kwamba hapo mwanadamu ameiga nyasi.

Sita, mja mzito ameze vidonge vya chuma anavyopewa kliniki kwa maji au maji ya machungwa, kamwe si kwa chai wala maziwa. Ukitumia dawa za kutuliza asidi ya tumbo, mweleze daktari. Usinunue vidonge hivyo bila kupimwa, kwani chuma kikizidi hudhuru, na viweke mbali na watoto. Vidonge vichache tu vinaweza kumwua mtoto.

Yule mama nilimwanzishia dawa, nikamtibu minyoo, nikamsihi aahirishe chai yake. Alirudi baada ya wiki sita. Himoglobini ilikuwa 10.4 na ngazi alizipanda bila kusimama. Nilimwuliza kuhusu odowa. Akacheka, akaufungua mkoba wake. Ndani mlikuwa na ndimu mbili.