Sanduku Moja la Posta: Kufunza Ugavi wa Intaneti kwa Kiswahili

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vifaa kadhaa vya nyumbani vinavyoweza kutumia intaneti ya tarakilishi moja bila waya, na papo hapo kuhoji lugha tunayotumia kulifunza jambo hilo. Mfano wetu ni nyumba ya ghorofa mtaani Ganjoni, Mombasa, ambamo mwandishi aliishi na wanafunzi wenzake wawili. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Nyumbani kwetu palifika modemu moja, katika kipakatalishi kimoja.

Tarakilishi inayogawa huhitaji njia mbili: ya kutokea nje, iwe waya au modemu, na ya kuwasiliana na vifaa vya ndani, yaani kadi ya waifai. Uwezo huu ulikuwamo tangu toleo la pili la Windows 98, mwaka 1999. Katika Windows 10 na 11 huwashwa kwenye mipangilio ya mtandao, kisha mtandao ukapewa jina na nywila.

Je, tendo hili liitweje? Wapo wasemao "kushiriki intaneti". Mwandishi anaonelea kuwa kitenzi hicho hakifai, kwani tunashiriki harusi au mjadala. "Kugawana" kinafaa zaidi: mmoja akipakua filamu, kurasa za mwenziwe hujikokota. Ndipo mwalimu hutoa mfano wa tangi la maji juu ya paa, na mkazi wa Mombasa huuelewa upesi, pengine upesi mno! Hata hivyo, maji hayana mwenyewe. Kila afunguaye mfereji hupata yaleyale. Katika intaneti, mmoja ameomba kamusi na mwingine barua pepe, na majibu yote yanarejea kwenye anwani moja ya nje. Nani atampa nani kilicho chake?

Mfano bora ni sanduku la posta. Wakenya wengi wamepokea barua kupitia S.L.P. ya shule au ya mwajiri. Aliye nje alijua sanduku tu. Karani ndiye aliyejua barua ipi ni ya nani. Tarakilishi inayogawa ndiyo karani huyo. Tangu Windows 7, yenyewe hujitwalia anwani ya ndani 192.168.137.1, huvipa vifaa vingine anwani zao, hutia daftarini kila ombi litokalo, na jibu lirudipo hulifikisha kwa aliyeomba.

Mfano huu hufichua mawili ambayo tangi huyasitiri. Karani akilala, posta imefungwa. Usiku mmoja kipakatalishi kilizimika nikiwa katikati ya kumtumia msimamizi wangu sura ya tatu ya tasnifu, na mwenye nacho alikuwa usingizini, mlango kaufunga kwa ufunguo. Pili, barua zote huonekana zimetoka sanduku moja: jirani aliyepewa nywila akituma matusi, atakayeulizwa kwanza ni mwenye sanduku. Kwa hiyo nywila ilindwe, na usalama uwe WPA2 au WPA3, si WEP ambao udhaifu wake ulianikwa mwaka 2001.

Kuhusu kuta, masafa ya gigahezi 2.4 hupenya vyema kuliko ya 5, ingawa haya ya pili yana kasi zaidi. Sisi tulimweka karani kwenye meza ya ukumbini, akawafikia wote. Anayeishi Mji wa Kale, kwenye kuta nene za matumbawe na chokaa, huenda akalazimika kukaa naye chumba kimoja.