Vigae Vilivyoachwa na Vita

Msomaji wetu atokaye Mapinga, au popote nchini, akiingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, huvutwa na madirisha yake ya vioo vya rangi. Wengi hudhani dirisha la namna hiyo ni kioo kimoja kilichopakwa rangi. Sivyo. Ni vipande vingi vilivyotiwa rangi kwa madini motoni, kisha vikaungwa kwa risasi. Ile mistari myeusi tuionayo ndiyo maungo yake.

Basi, vita vikilipiga kanisa, vigae vyake vifanywe nini? Mwaka 1642 askari wa Bunge la Uingereza walilivunja dirisha kubwa la magharibi katika Kanisa Kuu la Winchester. Baada ya ufalme kurudi mwaka 1660, vigae viliungwa tena, wala picha za kale hazikupatikana. Hata leo ni rangi zilizochanganyika tu. Lakini mwanga wapita.

Katika Vita Kuu vya Pili, Frederick McDonald, kasisi wa jeshi la Marekani, aliokota vigae katika makanisa yaliyobomolewa Uingereza, Ufaransa na Ujerumani, akavihifadhi katika bahasha. Baada ya miaka 50 na zaidi, msanii Armelle Le Roux na wenzake walivitumia kufanya kazi mpya za sanaa. Humo vigae vya nchi zilizokuwa adui vimekaa pamoja katika mkusanyo mmoja.

Nasi tunayo habari yetu. Januari 1889, watu wa pwani walipopigana na utawala wa Wajerumani, misioni ya Pugu ilichomwa moto na watawa watatu wakauawa. Wabenediktini hawakuishia majivuni: kati ya 1897 na 1902 kanisa lile lile la Mtakatifu Yosefu lilijengwa.

Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Vigae huzoleka, ila havirudishi picha ya kwanza. Ndivyo ilivyo katika nyumba zetu. Ndugu waliogombania shamba la marehemu baba yao wakipatana, wasidaiane mapenzi ya utotoni, wala wasilionee haya kovu lililobaki. Wajenge udugu mpya kwa vipande walivyo navyo. Katika dirisha la rangi, mahali palipoungwa ndipo panapolishika lote lisianguke.