MAVAZI, MILA NA SANAA KATIKA IKULU YA KARAGWE: DHANA YA "ASILI" YACHUNGUZWA UPYA

Ikisiri

Makala hii inachunguza dhana ya "asili" kama inavyotumiwa katika maelezo ya mila, mavazi na sanaa za Wanyambo wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Kwa kutumia maelezo ya Speke (1863) kuhusu Omukama Rumanika, makala inadai kwamba vazi la kifalme halikuwa kitu kimoja kisichobadilika, bali lilikuwa mfumo wa uchaguzi unaofanana na uchaguzi wa rejesta katika lugha.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Kyerwa iliundwa mwaka 2012 kutokana na Wilaya ya Karagwe. Wilaya zote mbili zinaunganishwa na lugha ya Runyambo, ambayo ni jirani wa karibu wa Luhaya na Runyankore, na pia na historia ya ufalme wa Karagwe uliokuwa na makao yake Bweranyange. Katika tasnifu nyingi zinazogusa utamaduni wa eneo hili, kama ilivyo kwa maeneo mengine ya Tanzania, mtafiti huorodhesha vitu vya "asili" upande mmja na vitu "vya kuja" upande wa pili. Vazi la gome la mti, ngozi na ngoma huwekwa katika orodha ya kwanza. Joho, kitambaa na shanga za dukani huwekwa katika orodha ya pili. Swali letu ni hili: je, mgawanyo huo unaafikiana na ushahidi tulio nao?

2.0 Rumanika wa mchana

Speke na mwenzake Grant walifika ikulu ya Karagwe mwezi Novemba 1861. Kwa mujibu wa maelezo ya Speke, Rumanika aliwapokea akiwa amevaa joho jeusi la Kiarabu, miguuni ana shanga za rangi nyingi zilizofumwa mfano wa soksi, na mikononi ana bangili za shaba zilizotengenezwa kwa ustadi. Tena aliwaamkia kwa Kiswahili, ambacho Speke anakisifu kuwa kizuri.

Jambo hili la mwisho lina uzito kwa mwanaisimu. Mfalme wa Kinyambo, mbali kabisa na pwani, alikuwa na lugha ya kuzungumzia na wageni kabla ya serikali yoyote ya kikoloni kufika. Kiswahili na joho vilifika kwa njia moja, yaani msafara wa biashara, na vilitumiwa kwa kazi moja: kumkaribisha mgeni kwa alama anazozielewa.

3.0 Rumanika wa mwezi mwandamo

Speke huyohuyo anaeleza sherehe ya mwezi mwandamo. Safari hii Rumanika hakuvaa joho. Kichwani alivaa taji la shanga lenye kishungi cha manyoya mekundu juu ya paji la uso, na kidevuni akafunga ndevu kubwa nyeupe za bandia zilizoshikizwa kwa ukanda wa shanga. Ngoma zaidi ya thelathini zilipangwa safu na kupigwa kwa pamoja. Kisha wakuu wa vijiji walijitokeza mmoja mmoja, wakirukaruka na kuapa utii kwa mfalme wao.

Hapa mavazi, mila na sanaa haviwezi kutenganishwa. Taji bila ngoma ni pambo tu. Ngoma bila kiapo ni burudani tu. Vyote vitatu kwa pamoja vilikuwa tendo la kisiasa: kila mwezi utii ulithibitishwa upya mbele ya watu.

4.0 Uchambuzi

Tukilinganisha picha hizo mbili, tunamwona mtu mmoja akibadili vazi kama msemaji anavyobadili msimbo kwa kutegemea hadhira, mahali na kusudi. Kusema kwamba Rumanika wa mwezi mwandamo ndiye wa "asili" na Rumanika wa joho ni mwigaji ni kukosea, kwa sababu mbili. Kwanza, shanga za kioo zilizouzwa bara wakati huo zilitoka ng'ambo kupitia pwani. Yamkini basi hata taji takatifu lilikuwa na mali ya msafara ndani yake. Pili, kilicholifanya taji kuwa la Kinyambo si chimbuko la malighafi, bali ni nafasi yake katika mila.

Hali hii haiko Karagwe peke yake. Vazi la kike liitwalo qipao, ambalo leo huonyeshwa duniani kote kama vazi la jadi la Wachina, lilipata umbo lake linalojulikana mjini Shanghai katika miaka ya 1920. Jina lake linakumbusha mavazi ya Wamanchu, watawala walioingia Beijing mwaka 1644. Hata hivyo hakuna anayelikana kuwa la Kichina.

Ni lazima pia tumsome Speke kwa tahadhari. Yeye ndiye aliyeeneza dai kwamba watawala wa eneo la Maziwa Makuu walikuwa taifa geni lililotoka Uhabeshi. Dai hilo lilizaa fikra za ubaguzi zilizoleta maafa baadaye, hasa nchini Rwanda. Macho yake yaliona shanga vizuri. Nadharia yake iliwaona watu vibaya. Anayetafuta "asili safi" katika mavazi hana budi kujiuliza kama hatembei katika njia ileile.

5.0 Hitimisho

Mamlaka ya watemi yalifutwa Tanganyika mwaka 1963, na sherehe ya mwezi mwandamo ikapoteza msingi wake wa kisiasa. Kilichobaki ni vifaa, kumbukumbu na msamiati. Kazi ya Rugemalira ya kamusi ya Runyambo (2002), na ya Mulokozi kuhusu tenzi za enanga za Wahaya (1986), zimetuonyesha njia ya kuhifadhi maneno na sanaa simulizi. Tunapendekeza kwamba mtafiti anayekwenda Karagwe au Kyerwa asiulize tu "vazi hili ni la asili?" Aulize: lilivaliwa na nani, mbele ya nani, siku gani, na kwa maneno gani? Wazee wanaoweza kujibu maswali hayo wanazidi kupungua, na orodha ya vitu vya asili, hata ikiwa ndefu namna gani, haitajibu kwa niaba yao.